Siagi ya Bibi kwenye Bampa la Haruna

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, vumbi la mtaa wetu wa Nyamirambo likiwa limetua hadi kwenye kope za watu, siku ambayo nusura nikose mume kwa ajili ya siagi. Usicheke kwanza. Utacheka nikimaliza, na mimi nitakusaidia kucheka.

Jambo hili limenirudia Jumamosi iliyopita nilipopita kwenye kinamba, pale vijana wanapooshea magari chini ya kilima cha Gisozi. Palikuwa na foleni ya magari ya harusi. Kijana mmoja akachukua kichupa chake cha dawa ya kung'arisha, akapuliza kwenye bampa na kwenye raba za milango bila hata kufuta tope lililokauka pembeni. Gari likang'aa palepale. Bwana harusi akatabasamu, akajipiga picha mbele yake. Nami nikajisemea moyoni, huyu naye hajakutana na Shangazi Sauda.

Shangazi Sauda alikuwa dada yake Baba. Mama yangu alitangulia mbele ya haki nikiwa mdogo sana, na Shangazi ndiye aliyenilea, akanifundisha kupika, kusali, na kunyamaza pale inapobidi. Hilo la mwisho halikuniingia vizuri, kama unavyosikia. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na ulimi uliokwenda sambamba na macho. Baba alikuwa mkubwa kwake kwa umri, lakini nyumbani kwetu Baba hakusema ndiyo kwa jambo lolote la maana kabla dada yake hajaisema.

Sasa, Haruna. Huyu babu yenu mnayemwona akisinzia kwenye kiti huku Kagarama, wakati ule alikuwa kijana wa teksi, mrefu, mwenye kucheka kabla hujamaliza kumsimulia jambo. Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nilikohoa mtaa mzima ukasikia. Alikuwa na gari dogo jeupe alilolinunua kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Injini haikuwa na neno, na bodi haikuwa na kutu. Lakini gari lile lilikuwa limesimama juani miaka mingi, na jua la huku kwetu milimani msilione limepoa mkadhani ni la kuchezea. Kila kilichokuwa cheusi kilikuwa kimepauka. Bampa la mbele na la nyuma, mikanda ya plastiki iliyopita ubavuni, makopo ya vioo vya pembeni, vyote vilikuwa rangi ya majivu. Raba za milango zilikuwa zimekakamaa na kuanza kufanya nyufa. Watoto wa Biryogo, mtaa wa jirani, waliliita gari lenye mvi.

Baba alikuwa fundi seremala, karakana yake ikiwa uani kwetu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na watu aliwapima kwa vyombo vyao. Ukimjia na randa yenye kutu, alikuwa ameshakujua. Siku niliyomwambia kwamba kwao Haruna wanataka kuja kuposa, alichonga ubao wake mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Huyo shofa wako, gari yake iko kama mzee aliyesahauliwa na watoto wake. Mimi sina shida na umaskini, Zaituni. Shida yangu ni mtu anaona kitu yake inachakaa, anapita tu. Waje. Lakini nitaangalia."

Mwanangu, neno hilo "nitaangalia" lilininyima usingizi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita vilikuwa vimeanza huko kaskazini, na kila mzee mwenye binti alikuwa akiwaza ampeleke wapi. Baba alishaamua kwamba nisipopata wa kunioa kabla ya kiangazi kuisha, nitakwenda kukaa kwa Bibi, mama yake, kijijini karibu na Rwamagana, mpaka mambo yatulie. Nani aliyejua yangetulia lini? Nikienda Rwamagana, Haruna nimempoteza. Ndivyo nilivyoona, na sikuwa nimekosea.

Bibi naye hakuwa mtu wa kungoja. Aliposikia tu kuna posa, akatuma kibuyu cha siagi. Siagi yenyewe si hii ya dukani ya kupaka kwenye mkate. Ni ya maziwa ya ng'ombe wake, iliyosukwa kwa mkono na kutiwa manukato ya umubavu, ile wanayopakwa maharusi kwetu tangu zamani, ngozi ikawa laini na harufu ikakaa mwilini siku nyingi. Kuituma mjini wakati ule, na vizuizi vile vya barabarani, halikuwa jambo dogo. Shangazi Sauda alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanikabidhi. "Hiki ni chako, lakini siyo cha kuchezea. Kikae mpaka nikiulize." Nikakiweka chini ya kitanda, nikakifunika kwa kanga.

Ijumaa ile, kuelekea Jumapili ya posa, Haruna akaja akiwa na jerikani tupu na uso uliokunjamana. Mabomba ya Nyamirambo yalikuwa makavu tangu mwanzo wa juma. Alikuwa amefuta gari kwa kitambaa chenye maji kidogo, rangi nyeupe ikatoka vizuri, lakini plastiki ikabaki vilevile.

"Nimesugua mpaka mkono unauma," akasema. "Bado iko majivu tu. Baba yako akiiona, nimekwisha."

"Umejaribu mafuta?"

"Ya injini? Itanuka, sha. Wazee watakaa ndani yake."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na akili ya mpenzi ni farasi asiye na hatamu. Nikamfikiria Bibi. Bibi alipaka siagi kila kitu. Kibuyu kikikauka, siagi. Ngozi ya ngoma ikikakamaa, siagi. Visigino vikipasuka, siagi. Na kila alichokipaka kilirudi kung'aa. Basi raba nayo si ngozi tu ya gari? Nikaingia ndani, nikatoa kibuyu, nikamtolea Haruna nusu nzima kwenye sufuria. Aliniuliza mara moja tu kama naruhusiwa. Nikamwambia ni yangu. Akaondoka akipiga mluzi.

Jumapili mchana tulilisikia gari kabla ya kuliona, maana wanawake wa jirani walianza vigelegele tangu kona ya chini. Nilichungulia dirishani kwenye chumba cha pembeni, pale mposwa anapotakiwa kukaa kwa adabu. Lo! Bampa lilikuwa jeusi kama siku lilipotoka kiwandani. Vioo, mikanda, raba, vyote vyeusi ti, na weupe wa bodi ukazidi kuwa mweupe. Haruna akashuka akiwa na koti la kuazima. Baba alikuwa kasimama langoni kuwapokea. Akalizunguka gari kwa macho, taratibu, halafu nikamwona akitikisa kichwa kidogo, kule kutikisa kwa kukubali. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha.

Wageni wakaingizwa sebuleni. Haruna alikuja na Mzee Abdalla, mdogo wa baba yake, aliyekuwa msemaji, pamoja na wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Unajua desturi yetu ya siku ya kubisha lango. Mgeni hasemi alichofuata. Mzee Abdalla akaanza kuzunguka, akasema wao ni wapita njia tu, wamepotea, wameona nyumba ya amani wakaomba maji. Baba akawaambia maji yapo, ingawa bomba limekauka. Wakacheka. Chai ya tangawizi ikapita, maneno yakapinda huku na kule, na saa zikaenda. Nje jua lilikuwa linawaka, mwanangu, lile jua la saa nane la kiangazi.

Wa kwanza kugundua alikuwa paka wa jirani. Alikuja akanusa bampa la mbele, akalamba. Akaja wa pili. Nilipochungulia tena kulikuwa na kikao kizima cha paka mbele ya gari, kila mmoja na sehemu yake. Siagi ilikuwa imeyeyuka. Ilichuruzika kutoka kwenye raba za madirisha, ikashuka juu ya rangi nyeupe kwa michirizi ya manjano, na lile vumbi lililokuwa likitimka kila mtu akipita barabarani likanasa humo. Bampa lililokuwa jeusi likawa jekundu, limevaa manyoya ya vumbi. Nilitamani kutoka nikalifute kwa kanga yangu, lakini mposwa hatoki.

Halafu Mzee Abdalla akasema wamekuja na kidogo cha mkononi, kiko kwenye gari, sukari na kitenge cha shangazi. Haruna akainuka kukifuata. Shangazi Sauda, kwa heshima, akamfuata amsaidie. Alikuwa amevaa mushanana wake mweupe, ule uliofungwa begani, aliouvaa kwenye shughuli kubwa tu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Shangazi alikuwa ameshafunga mlango wa nyuma kwa nyonga, kama wanawake wanavyofunga milango wakiwa na mikono iliyojaa, na mushanana ulikuwa na mstari mpana wa tope na mafuta kuanzia kiunoni hadi gotini.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliutazama ule mstari, akapitisha kidole kwenye raba ya mlango, akakinusa. Akakinusa tena, polepole zaidi.

"Haruna," akasema. "Mimi harufu hii naijua. Hii ni siagi ya mama yangu."

Wazee walikuwa wametoka wakasimama langoni. Baba aliwaona paka, akaiona michirizi, akauona mushanana wa dada yake. Nikamtazama Haruna. Angeweza kusema ni ya mama yake mwenyewe, au aliinunua sokoni Nyabugogo. Siagi hazina majina. Lakini akasema:

"Ni yenyewe, Shangazi. Nilipewa na Zaituni. Na nilijua ndani ya roho iko ya harusi, nikaichukua hivyo hivyo, kwa sababu niliogopa Mzee ataona gari yangu ni mbaya."

Mimi nami adabu ikanishinda, nikatoka mbio, peku, nikasema siye yeye, ni mimi niliyemshawishi. Mzee Abdalla akajishika kichwa. Kumbuka, mwanangu, rasmi alikuwa bado ni mpita njia aliyeomba maji.

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Wageni wetu, tunawashukuru. Nadhani leo haikuwa siku." Akageuka kurudi ndani.

Katika maneno hayo machache niliiona Rwamagana yote, kibanda cha Bibi, na barabara isiyo na teksi ya mtu ninayemjua.

"Buretse, kaka," akasema Shangazi. Ngoja kwanza. Baba akangoja, kama alivyongoja maisha yake yote dada yake akisema hivyo.

Nilijiandaa kusikia habari ya siagi. Nilijua nitaambiwa nimemdharau Bibi, nimetupa baraka zake kwenye vumbi. Lakini Shangazi akainama kwenye bampa, akawafukuza paka, akachukua pembe ya mushanana wake, maana ulikuwa umeshaharibika, akafuta mahali padogo kama kiganja. Chini ya siagi palikuwa na tope kavu la masika yaliyopita. Chini ya tope palikuwa na plastiki.

"Siagi mama ataleta ingine," akasema. "Ng'ombe ziko. Mimi nawauliza kitu kimoja tu. Nani kati yenu ameosha hii?"

"Maji haikuwepo, Shangazi," Haruna akasema.

"Mafuta ilikuwepo, maji haikuwepo. Sawa. Basi mngeileta na majivu yake, tungejua iko majivu. Mmeficha uchafu ndani ya kitu nzuri, sasa kitu nzuri yenyewe imekuwa uchafu. Na ndani ya nyumba mtafanya hivyo? Mmoja akikosea, anamletea mwingine kitenge, mnapaka juu, mnakaa?"

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, msemo huo tuliufundishwa shuleni na mimi niliuandika kwa mwandiko mzuri. Kuuandika na kuujua ni vitu viwili.

Kisha akatoa amri. Wazee warudi sebuleni wanywe chai ya pili. Lile pipa la maji ya kunawia wageni liletwe nje. Gari litaoshwa palepale langoni, mtaa mzima ukiona, na watakaoliosha ni Haruna na mimi. Baba akaelekea karakana yake. Shangazi akajiletea kigoda, akakaa kivulini na mushanana wake wa tope, akatuelekeza kama anayesimamia wapishi wa harusi.

Sikiliza sasa, kwa sababu hili nitakalosema ni la manufaa hata kama huna mchumba. Siagi haitoki kwa maji matupu. Tuliipangusa kwanza kwa vitambaa vikavu, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni, tena na tena, mpaka povu likaacha kuwa jekundu. Kwenye vinyweleo vya plastiki tope lilikuwa limejichimbia, ikabidi nilete mswaki wa zamani, nisugue kwa mizunguko midogo. Haruna akaichukua brashi ya chuma ya Baba ili amalize haraka, akaacha mkwaruzo mweupe kwenye bampa.

"Wewe Haruna, unakwangua sufuria?" nikamwambia.

"Sufuria yenyewe tumeipika na siagi," akajibu, akaanza kucheka. Nami nilikuwa na sabuni hadi kwenye nywele, hofu bado imenikaba, lakini nikacheka. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Nilipoinua macho nikamwona Shangazi akitutazama, hatazami gari hata kidogo.

Raba za milango tuliziosha kwa kitambaa laini, ndani ya kila mkunjo. Zilipokauka, Shangazi akanituma nilete chupa yake ya gliserini, ile ya famasi aliyopaka mikononi wakati wa kiangazi. Akatueleza kwamba mafuta ya ng'ombe huchacha, na raba ikinywa mafuta yasiyo yake hulegea na kuoza, ila gliserini huifanya inyumbuke kama ngozi ya mtoto. Alijuaje? Aliwahi kuharibu raba za mashine yake ya kushonea kwa siagi hiyohiyo, miaka mingi nyuma. Alisema hivyo bila aibu, kana kwamba anataja bei ya chumvi.

Ilibaki plastiki. Safi ilikuwa safi, lakini ilikuwa bado ya kijivu. Tukasimama tukiitazama. Ndipo nikasikia mlango wa karakana ukilia, na Baba akatoka na kopo la mafuta ya kitani, yale anayopaka mbao ili zisinyauke. Hakumtazama mtu. Akachovya kitambaa, akakamua, akapaka bampa safu nyembamba sana, akangoja liyanywe, akafuta yote yaliyozidi. Rangi nyeusi ikarudi, nyeusi ya upole, isiyo na mng'aro wa kelele.

"Hii inakauka," akamwambia Haruna. "Haishiki vumbi. Lakini kwa mbao chafu haiingii, na kwa hii pia haiingii. Unaona?"

"Naona, Mzee."

"Shika, maliza upande wa pili."

Akampa kitambaa. Mwanangu, nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, na nilijua kwamba mtu hampi mgeni anayemfukuza kitambaa chake cha kazi. Walipomaliza, Baba akakichukua kile kitambaa na vingine vyote, akavitandaza kwenye kamba kimoja kimoja, akamweleza Haruna asivirundike kamwe pembeni, kwa sababu matambara ya mafuta yale yakibanana hujipasha joto yenyewe mpaka yakashika moto. Karakana ya rafiki yake iliungua hivyo. Haruna alimsikiliza kama anayesomewa khutba, na mpaka leo hutandaza matambara yake.

Gari halikurudi kuwa jipya, nisikudanganye. Bampa la nyuma lilibaki na madoa ambayo hakuna mafuta yaliyoyaweza, na ule mkwaruzo wa brashi ya chuma ulikaa hapo mpaka mwisho. Haruna akawa anapazunguka mahali pale, anataka kuongeza mafuta. Shangazi akamwambia aache. Akasema kilichokufa kimekufa, na kilichobaki kinatosha kubebea watu.

Jua lilikuwa limelegea tulipoingia sebuleni, mimi nikiwa nimebadilisha nguo na Haruna bila koti. Mzee Abdalla akakohoa, akataka kuanza upya ile habari ya wapita njia. Shangazi akamkatiza.

"Mzee wangu, hiyo tumeisikia. Kaka, watu wakija kuposa wanakuja wamepakwa. Wote. Hata sisi tumejipaka, angalia kitambaa hii ya meza, tumeiazima. Mimi nilikuwa naogopa namna ya kumjua huyu kijana. Sasa nimemuona mchafu. Nimewaona wote wawili wachafu, wamechoka, wamekosea, na hawakutukanana. Kuna watu wamekaa ndoa mpaka wazeeke, sijawaona hivyo." Akamgeukia Baba. "Mimi neno langu ni ndiyo."

Baba akatazama mikono yake iliyokuwa bado na mafuta ya kitani. Akasema, "Basi na mimi."

Vigelegele vilitoka kwa majirani waliokuwa dirishani wakati wote huo wakijifanya hawasikii.

Tulioana kabla ya mvua za vuli. Tukaishi kama watu wanavyoishi, siku nyingi nzuri na chache za kununiana. Mara ya kwanza tulipogombana kweli, Haruna alikuwa amesema jambo la kuniumiza mbele ya wageni. Jioni akarudi na kitenge kizuri, akakiweka mapajani mwangu, akaanza kunisifia mchuzi. Nilikitazama kile kitenge. Kilikuwa cha rangi niipendayo. Nikamwambia, "Haruna, osha kwanza." Akasimama kama aliyepigwa na kibaridi. Akakaa chini, akalitaja kosa lake kwa jina, jinsi lilivyokuwa, bila kulipamba. Lilimchukua muda, na halikuwa rahisi kwake, nilimwona. Nami nikalitaja langu, kwani nilikuwa nalo. Ndipo nikakivaa kitenge. Tumelitumia neno hilo maisha yetu yote. Wakati mwingine ni mimi ninayeambiwa.

Shangazi Sauda hatuko naye. Alikwenda mwaka wa tisini na nne, yeye na wengine wa lango lile, na hayo yana siku yake ya kusemwa, siyo leo. Leo nataka umjue akiwa kwenye kigoda, na mushanana wenye tope, akitutazama tukicheka. Ninamkumbuka kila siku ya Mungu, na ninamkumbuka hivyo, kwa raha.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayejiandaa kuoa, na wewe unayejiandaa kuolewa, na wewe unayetaka tu watu wakuone vizuri. Sikukatazi kung'aa. Mimi mwenyewe napenda kitu kinachong'aa. Ninachokuambia ni kwamba mng'aro una zamu yake, na zamu yake si ya kwanza. Ukimkosea mtu, usimkimbilie na zawadi. Mwendee na ukweli, zawadi ije baadaye ikute mahali pa kukaa. Ukiwa na kasoro, usiifunike kwa kitu cha thamani, maana utapoteza vyote viwili, na mficha uchi hazai. Ukikosa maji ya kuosha leo, nenda ulivyo, useme hukupata maji. Mwenye kukufaa atakuletea pipa. Na ukitaka kumjua utakayeishi naye, usimtazame siku ya koti la kuazima. Fanya naye kazi ya kuchafuka, jambo liharibike mikononi mwenu, kisha sikiliza anavyokuita jina lako.

Mungu akupe nyumba yenye maji ya kutosha na watu wasioona haya kuyatumia. Akupe mzee atakayesema "ngoja kwanza" pale wengine watakapokuwa wameshageuka kwenda. Na siku utakayokosea mbele ya watu wote, kama ilivyonipata mimi, akujaalie awepo mmoja atakayeinama achukue kitambaa kando yako, na uwe na macho ya kumwona. Amina, mwanangu. Nenda kwa heri.